Somo: Kambi ya Vijana na Familia Wakati wa Baridi

Andiko: Walawi 23:39-43, Kumbukumbu la Torati 16:13-15



Israeli walikaa vibandani siku 7 ili wazao wao wajue jinsi Mungu alivyowatoa baba zao Misri. Nasi tulilala mahemani tukikimbia vita. Lakini vijana wetu wengi wamezaliwa hapa, hawajui habari hiyo. Basi tunapoandaa kambi, Ijumaa hadi Jumapili:

1. Wazee washuhudie jioni, kabla baridi haijazidi.

2. Mgeni, yatima na mjane wahesabiwe kwanza. Asiye na blanketi asibaki nyumbani, tugawane.

3. Kibali kiombwe mapema. Kuni na maji viletwe kwa zamu.

Swali la nyumbani: Ni tendo gani la Mungu njiani ambalo hujawasimulia watoto wako?