Ukiumia Kazini: Namna ya Kudai Fidia

Tangu nilipofuatana na ndugu yangu katika madai yake, baada ya mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kumkata vidole huko Migori, jirani zangu hapa Kisegi hunijia kuniuliza ni nani astahiliye kulipwa na aanzie wapi. Nami naona ni wajibu kuyaandika niliyoyashuhudia, asije mtu akadhulumika kwa kutoijua haki yake.

Awali ya yote, ifahamike kwamba sheria ya Kenya ya fidia ya mwaka 2007, tuliyozoea kuiita WIBA, imemtwika mwajiri, wala si hazina ya Serikali, dhima ya kulipa, tena imemlazimisha akate bima. Astahiliye ni mwajiriwa wa mshahara au ujira, mwanagenzi akiwamo, aliyeumia kazini au kupata maradhi yatokanayo na kazi. Na kwa kuwa vibarua wengi wa kwetu hawana hata karatasi moja ya ajira, ushahidi wa ndugu yangu ulikuwa jumbe za M-Pesa za ujira wake, pamoja na kauli za wenzake waliokuwapo.

Mpe mwajiri habari mara moja, kwa maandishi, ubaki na nakala; naye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akinyamaza, nenda mwenyewe katika ofisi ya Mkurugenzi huyo, ukachukue fomu. Daktari ndiye aandikaye humo asilimia ya ulemavu, nawe uisome kabla ya kuondoka, maana fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96: apataye shilingi 15,000 kwa mwezi, akiandikiwa asilimia 10, hesabu yake ni shilingi 144,000. Risiti za matibabu nazo zihifadhi, kwani gharama hizo ni za mwajiri.

Madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Usianzie mahakamani, kwa kuwa sheria hiyo, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, humtaka mdai aanzie kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuupinga.

Na tajiri akikujia hospitalini na shilingi elfu chache na karatasi ya kutia sahihi, mshukuru kwa kukujulia hali, lakini usitie sahihi yako mpaka ofisi ya Mkurugenzi iwe imekwisha kukadiria haki yako.