Amepona Kiharusi, Mbona Hakumbuki?

Tunapotembelea vikundi vya kisomo, kuanzia milima ya Litembo hadi ufukoni Liuli, swali hili tunaulizwa mara nyingi: "Mzee alipata kiharusi, akapona, anatembea. Mbona sasa hakumbuki kitu?"

Tuchukue mfano. Mkulima wa kahawa ameamka asubuhi anasinzia, mkono mmoja una ganzi. Baada ya wiki kadhaa nguvu zimerudi. Anachimba ngoro zake kama zamani, na wote aliosoma nao anawataja kwa majina. Lakini jana amepokea fedha za kahawa, akazificha chini ya gunia, na leo anaapa kuwa hajalipwa. Mke anadhani zimekwenda kwenye pombe. Mkaza mwana anaitwa mwizi. Jirani ananong'ona kuwa mzee katupiwa kitu. Nyumba inavunjika hivi hivi, na hakuna aliyekosa.

Kiharusi ni damu kutofika mahali fulani katika ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama umepasuka. Ndani kabisa, katikati ya ubongo, kuna madonge mawili, la kulia na la kushoto, kila moja lina urefu wa sentimita 3 hivi. Waganga huyaita thalamasi. Habari za macho, masikio na ngozi hupita hapo kwanza ndipo zifike sehemu ya juu ya kufikiri. Harufu tu ndiyo ina njia yake. Ni kama stendi ya Mbinga kwa mtu atokaye Mbamba Bay kwenda Songea: stendi ikivurugika, barabara huwa nzima na abiria hafiki.

Sehemu ya mbele ya thalamasi husaidia kushika mambo mapya. Ya zamani yalikwisha hifadhiwa. Ya jana ndiyo hayakai. Donge la kushoto likiumia, mara nyingi yanapotea majina na maneno. La kulia, nyuso na njia. Yakiumia yote mawili, mgonjwa hulala mno na kusahau huzidi. Wengine husimulia mambo yasiyotokea. Si uongo, maana wao wenyewe wanaamini. Wengine hukaa tu mpaka waambiwe "inuka", nasi tunawaita wavivu.

Yako pia maumivu. Mwaka 1906 waganga wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, walieleza jinsi upande uliokuwa na ganzi unavyoweza kuanza kuwaka moto, pengine miezi baadaye. Hata shati au maji baridi yanamuumiza mtu. Dawa za kawaida za maumivu hazimsaidii sana. Zipo nyingine, lakini ni za kuandikiwa na daktari.

Chanzo kikubwa ni presha, nayo haiumi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, kwenye wakulima wa kahawa kama wa Mbinga. Baada ya kusawazisha umri, walipata wagonjwa wapya 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam 316. Basi tusiseme ni ugonjwa wa mjini. Zahanati wapime presha. Ikifika 140 juu au 90 chini mara kwa mara, imepanda.

Na mgonjwa tuliye naye nyumbani je? Hapa kisomo kinafanya kazi. Mpeni daftari moja, siyo matatu, likae mahali pamoja siku zote, na kalamu ifungwe kwa uzi. Aandike mwenyewe kama anaweza: tarehe, fedha alizopokea na zilipowekwa, nani alikuja. Akimeza dawa ya presha atie alama papo hapo, maana asiyekumbuka humeza mara mbili au hamezi kabisa, na kiharusi cha pili hufuata. Akiuliza jambo lile lile mara ya kumi, msimkaripie, mwambieni, "Baba, tutazame daftari." Mvuvi asiende ziwani peke yake hata kama mikono ina nguvu.

Zoezi: Kila mmoja achore ukurasa wa daftari la namna hiyo, wenye nafasi ya tarehe, dawa, fedha na wageni. Mletee mwalimu juma lijalo.