INTAVIU YA MTOTO MDOGO: NI NANI ANAYEPIMWA?

Somo la kikundi – mikutano miwili



Kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa, katika vikundi tunavyotembelea, mazungumzo hugeuka. Badala ya kuku na mahindi, wazazi huulizana: "Wako umempeleka intaviu wapi?" Mtoto anayeulizwa habari zake hajatimiza hata miaka sita. Mwezi wa kumi na mbili, mweka hazina naye huanza kupokea maombi ya mikopo, na kila mmoja anasema ni ya shule.

Tumeona ni vizuri tulifanye jambo hili kuwa somo. Lisomwe kikundini kwa sauti, si na mtu mmoja peke yake. Mnahitaji watu watano wa kuigiza, karatasi kubwa, kalamu, na mtu mmoja anayejua hesabu vizuri.

Lengo: Mwisho wa somo kila mzazi aweze kueleza intaviu inapima nini, sheria inasema nini, na shule anayoitamani itamgharimu pesa ngapi mpaka mtoto amalize. Akishajua hayo, achague mwenyewe bila woga na bila aibu.

TUONE: IGIZO FUPI

(Ofisi ya shule ya kibinafsi. Mwalimu ameketi. Mama anaingia na mtoto wa miaka mitano aliyevaa viatu vipya.)

Mwalimu: Karibu mama. Umelipa ya fomu?

Mama: Nimelipa mwalimu, risiti ndiyo hii.

(Mwalimu anamwonyesha mtoto karatasi nyekundu na kumwuliza kwa Kiingereza hiyo ni rangi gani. Mtoto anaangalia viatu vyake. Mama anamfinya kidogo.)

Mama: Sema! Si jana ulikuwa unajua?

Mtoto: Mama, twende nyumbani.

Mwalimu: Mama, huyu bado. Jaribu mwaka ujao. Lakini pesa ya fomu hairudishwi.

(Nyumbani, jioni.)

Baba: Kumbe tumelipa ili mtoto anyamaze?

Kaka mkubwa (anacheka): Umefeli! Umefeli!

(Mtoto anavua viatu vipya na kwenda kukaa nyuma ya nyumba.)

Maswali ya kujadili:

1. Katika igizo hili, ni nani aliyepimwa? Ni nani aliyeshindwa?
2. Mtoto huyu anajua nini ambacho hakuulizwa?
3. Jambo kama hili limetokea hapa kwetu? Nini kilifuata?

Kiongozi, usiharakishe swali la pili. Wacha akina mama wataje. Mtoto wa miaka mitano wa kijijini anajua mbuzi kila mmoja kwa rangi yake, kwa lugha ya mama. Anajua kuku ametaga wapi na mayai ni mangapi. Anaweza kutumwa dukani akarudi na chenji kamili. Hayo yote ni akili, na hakuna aliyemwuliza hata moja.

TUPIME: TULIFIKAJE HAPA?

Wazazi wanaokimbilia akademi si wajinga, na si wote wenye majivuno. Wana sababu. Mwezi wa kwanza mwaka 2003 serikali ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni mwaka huo mmoja. Mlango ulikuwa wazi hata kwa wazee: Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Ilikuwa baraka kubwa. Lakini madarasa yalijaa, na walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Mzazi aliyekuwa na kitu kidogo mfukoni aliona mtoto wake ameketi chini katika darasa la watoto wengi, akamtoa.

Jambo la pili ni mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023. Kila matokeo yalipotoka, akademi nyingi zilionekana mbele. Wazazi wakasema, "Huko ndiko wanakofundisha." Mara nyingi kweli walifundisha. Lakini hebu fikirini mkulima anayepitia gunia zima la mahindi, akachagua punje kubwa tu na kuzipanda, kisha akajisifu kwamba shamba lake lina rutuba kuliko la jirani. Jirani alipanda gunia lote jinsi lilivyo. Kabla ya kusifu shamba, uliza kwanza mbegu zilichaguliwaje. Shule inayochagua watoto mlangoni, na inayochagua wazazi kwa mfuko, itapata alama nzuri hata kama mafundisho yake ni ya kawaida.

INTAVIU INAPIMA NINI?

Watoto wadogo hawakui kwa mwendo mmoja. Mmoja huongea mapema, mwingine huchelewa kisha akampita. Mtoto yuleyule anaweza kujibu vizuri leo na kunyamaza kesho kwa sababu ana njaa, ameamshwa mapema, au anamwogopa mgeni. Dakika kumi mbele ya mtu asiyemjua haziwezi kutuambia atakuwa nani akifika miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo intaviu hupima zaidi nyumba anakotoka mtoto. Kama nyumbani kuna vitabu vya picha, kama wazazi wanaongea Kiingereza, kama alipelekwa chekechea ya kulipia, atajibu. Sera ya elimu nchini mwetu tangu zamani ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotumika mahali pale. Mtoto anayejua lugha ya kwao vizuri ameandaliwa kusoma. Hajachelewa.

Kumbukeni pia umri. Katika mtaala ulioanza kote nchini mwaka 2019, mtoto huanza PP1 akiwa na miaka minne, PP2 mitano, na Gredi ya 1 akiwa na sita. Hakuna faida ya kumsukuma mapema ili awatangulie wa jirani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaendelea hivi:

– Shule yoyote isimbague mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, lugha au hali ya kwao (kifungu cha 34).

– Shule ya umma hairuhusiwi kumpa mtoto mtihani ili kuamua kama ataingia. Inaweza kumpima tu ili kujua kiwango kinachomfaa.

– Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Hata pale michango mingine imekubaliwa, mtoto asifukuzwe kwa kukosa kuilipa (kifungu cha 29).

– Shule ya kibinafsi hupanga karo yake, lakini ni lazima iwe imesajiliwa, na walimu wake wawe wamesajiliwa na TSC.

Basi mama akiambiwa na shule ya umma kwamba mtoto "ameanguka intaviu", asirudi nyumbani akilia. Aulize kwa adabu jambo hilo liandikwe kwenye karatasi, kisha aende nayo kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Asiende peke yake. Wanakikundi wawili wamsindikize.

Na akiombwa "chai" ili nafasi ipatikane, asitoe. Nafasi iliyonunuliwa imechukuliwa kutoka kwa mtoto wa mtu mwingine.

HESABU KABLA YA FOMU

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Na sisi tuketi. Andikeni haya kwenye karatasi kubwa. Bei hizi ni za mfano tu. Wekeni za shule mnayoifikiria.

Karo: 9,000 kwa muhula, mara 3 = 27,000
Chakula: 2,500 mara 3 = 7,500
Gari la shule: 3,000 mara 3 = 9,000
Sare na viatu = 5,500
Vitabu na daftari = 4,000
Jumla ya mwaka = shilingi 53,000

Mwaka wa kwanza ongezeni fomu na ada ya kuingia, tuseme 6,000. Kutoka PP1 hadi Gredi ya 6 ni miaka minane. 53,000 mara 8 ni 424,000. Ongeza 6,000, ni shilingi 430,000. Huyo ni mtoto mmoja, na tumejifanya kwamba karo haitapanda hata siku moja.

Sasa mkopo. Mwanachama akikopa 20,000 kikundini kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu ya muhula ni riba ya 6,000. Kabla hajamaliza kulipa, muhula mwingine umebisha hodi. Mkopo wa kununua mbuzi huzaa, lakini mkopo wa karo hauzai mpaka miaka mingi ipite. Wanachama watano wakikopa hivyo kwa pamoja mwezi wa kwanza, 100,000 zimetoka, na yule wa mbegu na yule wa mgonjwa watakuta sanduku tupu. Huko ndiko vikundi huanzia kuvunjika, watu wanakwepana hata njiani kwenda kanisani.

Kinachoumiza zaidi ni mtoto anayeingizwa kwa shangwe kisha anarudishwa kwa deni katika Gredi ya 3. Huyo anahama marafiki na walimu, na anajiona ndiye mwenye kosa. Afadhali shule unayoweza kuilipa mpaka mwisho kuliko shule unayoweza kuiingia tu.

TUTENDE

Kwa mzazi:

1. Tembelea shule siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Hesabu watoto darasani na uone vyoo na maji. Angalia majengo kwa makini. Mwezi wa tisa 2019 darasa la shule moja ya kibinafsi huko Dagoretti, Nairobi, liliporomoka na kuua watoto wasiopungua saba. Mwezi wa tisa 2024 moto wa bweni uliua wavulana 21 katika shule ya msingi kaunti ya Nyeri. Jina zuri kwenye lango si ukuta imara.

2. Omba kuona cheti cha usajili. Uliza walimu wana nambari za TSC na kama hubadilika kila muhula.

3. Omba orodha ya malipo yote kwa maandishi, pamoja na yale "madogo madogo".

4. Mtoto akikataliwa, usimwite aliyefeli, wala usiruhusu ndugu zake wamwite hivyo. Mwambie: "Shule ile haikuwa yetu. Tunaenda nyingine."

5. Kila jioni, robo saa tu, msimulie hadithi, hesabuni maharagwe, aandike jina lake mchangani kwa kijiti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko juu ya elimu la mwaka 1965, unatufundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kazi hiyo haina fomu wala intaviu.

Kwa kikundi:

1. Wekeni kikomo cha mikopo ya karo, kwa mfano isizidi robo ya pesa zilizoko, na muiandike katika katiba ya kikundi.

2. Anzeni akiba ya shule kuanzia mwezi wa pili, kidogo kidogo kila wiki, ili Januari isiwakute mikono mitupu.

3. Chagueni watu wawili wakaulize shule ya umma iliyo karibu inapungukiwa na nini. Nyingi ya shule hizi mfadhili wake ni Kanisa letu. Wazazi wenye sauti wakiondoka wote, ni nani atakayeuliza madawati yako wapi? Hata aliye na mtoto akademi ana wajibu huo, kwa sababu watoto wa shule ile ndio majirani wa mtoto wake.

4. Parokia zenye shule za kibinafsi nazo zijadili somo hili. Je, mlangoni petu tunampokea mtoto wa maskini, au nasi tunachagua punje kubwa?

NENO LA KUTAFAKARI

Someni Marko 10:13–16. Wanafunzi waliwazuia watoto wasimfikie Yesu, pengine wakidhani wanafanya kazi nzuri ya kulinda mlango. Yesu alichukizwa. Aliwapokea mikononi mwake akawabariki. Hakuwauliza wanajua kuhesabu mpaka ngapi.

Kaeni kimya kidogo, kisha kila mmoja ataje kwa sauti jina la mtoto anayemwombea.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano wa pili, kila mwenye mtoto chini ya miaka sita aandike hesabu ya shule mbili: moja ya umma na moja ya kibinafsi. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake. Mkikutana, wekeni karatasi zote mezani bila kuchekana, na mkubaliane kikomo cha mkopo siku hiyohiyo. Mweka hazina aandike katika kitabu, na wote watie sahihi au alama ya dole gumba.