Vali ya Nguruwe Katika Moyo wa Muislamu



Ndugu zetu wanaotoka chuoni kwenda kusomesha Namatala wanajua kwamba maswali ya kule hayafuati mpangilio wa vitabu vyetu. Baada ya somo la twahara, mama mmoja aliuliza: daktari akisema baba yangu hawezi kupasuliwa kifua, na njia iliyobaki ni vali ya nguruwe, je, swala yake itaswihi?

Hatuwezi kukihukumu kitu kabla ya kukielewa, basi tuanze na moyo. Vali ya aota ni mlango ambao damu hupitia kutoka moyoni kwenda mwilini. Kwa baadhi ya wazee mlango huu hukakamaa, ukawa haufunguki sawasawa. Mtu hukosa pumzi, kifua kikambana, pengine akazimia. Vidonge haviufungui. Tiba iliyozoeleka ni kupasua kifua, kuusimamisha moyo na kushona vali mpya, jambo ambalo mgonjwa dhaifu wa mapafu au figo huenda asilistahimili.

Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier alimwekea mgonjwa vali kwa katheta, yaani bomba jembamba linalopitishwa ndani ya mshipa. Siku hizi aghalabu huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja, vali ikiwa imekunjwa. Ikifika moyoni hukunjuliwa, ikaisukuma ile mbovu pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 358 wasiofaa kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, waliotibiwa kwa njia za kawaida walikuwa wamefariki takriban 51 katika kila 100. Waliowekewa vali, takriban 31. Anayeliita jambo hili anasa azitazame namba hizo.

Lakini tiba hii ilibuniwa kwa vali zilizokakamaa uzeeni. Kwetu wagonjwa wengi wa vali ni vijana walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni. Kwao kinga ni bora: utafiti wa kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa katika watoto wenye dalili za mwanzo, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini kila wiki nne, na asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Turudi kwenye swali. Vali hizi hazifanani. Sapien hutengenezwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. CoreValve, kwa utando wa nguruwe. Kwa hiyo la kwanza ni kumuuliza daktari. Ng'ombe huyo huenda hakuchinjwa kisheria, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi ngozi ya mzoga hutwaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Dawa inayohifadhi utando huu, glutaraldehidi, hutumiwa pia na watengenezaji wa ngozi, nami naona qiyasi hiyo ina nguvu.

Na ikiwa ya ng'ombe haipatikani au haimfai? Wapo wanaosema dawa imeshaibadilisha asili ya nguruwe, yaani istihala. Mimi sioni haja ya kwenda huko. Utando bado ni utando. Aya ya 173 ya Suratul Baqara inamtoa dhambini aliyelazimika bila kutamani wala kupindukia. Isitoshe, tunaye swahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alijitengenezea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie ya dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume. Hadithi hiyo imo kwa Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Tazama mpangilio wake: cha halali kilijaribiwa kwanza, kikashindwa.

Kuhusu swala, Imam Nawawi katika Minhaj anamzungumzia mtu aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho twahara: ana udhuru. Hata asiye na udhuru hawajibiki kukitoa akihofia madhara ya wazi. Basi mzee huyo ataswali, na ataongoza jamaa akitakiwa. Akifariki, kauli sahihi kwa Nawawi ni kwamba hakitolewi, na wanaoosha maiti wanafaa kuambiwa hivyo mapema.