Jinsi ya Kujenga Kazi ya Uandishi: Mbinu Tano za Octavia Butler

Octavia Butler alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake, mpiga viatu rangi, alifariki mapema. Mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Shuleni Octavia alisoma kwa taabu kwa sababu ya disleksia. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur, dola 295,000. Kwa yeyote anayeandika huku akiwaza kodi ya nyumba, sijui mwalimu bora kuliko yeye.

1. Linda saa yako

Butler aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi kiwandani. Alipendelea vibarua visivyochosha akili, akaamka saa nane usiku kuandika kabla ya kwenda kazini. Si lazima uchague saa hiyo. Chagua ile ambayo hakuna anayekuhitaji, hata kama ni nusu saa tu, na uwaambie unaoishi nao. Simu ibaki chumba kingine.

2. Tegemea mazoea

Katika insha yake “Furor Scribendi”, Butler anawashauri waandishi chipukizi wasahau msukumo na kipaji, washike mazoea, kwa kuwa mazoea hayakutupi siku ambayo moyo umepoa. Jiwekee kiwango unachokiweza hata ukiwa umechoka: ukurasa mmoja, au nusu. Ukikimaliza, acha. Kesho rudi pale pale.

3. Tafuta wasomaji wakali

Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya Clarion, Pennsylvania, kwa kuhimizwa na mwandishi Harlan Ellison. Huko kazi za kila mshiriki zilichambuliwa na wenzake, naye akauza hadithi zake mbili za kwanza. Ukikosa warsha, kusanya watu watatu wanaopenda kusoma. Usiwaulize kama wamependa. Waulize walichoka ukurasa gani, na wapi hawakuelewa. Wawili wakitaja mahali pamoja, parekebishe.

4. Mlango ukifungwa, anza kazi kubwa zaidi

Baada ya Clarion alikaa takriban miaka mitano bila kuuza hadithi nyingine. Wengi huishia hapo. Yeye aligeukia riwaya: *Patternmaster* ilitoka 1976, *Mind of My Mind* 1977, *Survivor* 1978. Kwa hiyo usikae ukingoja jibu la mhariri. Siku unayotuma mswada mmoja, fungua daftari la mwingine. Ukirudishiwa, tayari una kazi nyingine mkononi.

5. Chunguza kwanza, buni baadaye

Hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote. Katika *Kindred* (1979), Dana, mwanamke mweusi wa California ya 1976, anavutwa ghafla hadi Maryland ya enzi za utumwa. Ili kuiandika, Butler alisafiri kwenda Maryland kwa fedha za *Survivor*, akasoma masimulizi ya watu waliowahi kuwa watumwa. Kitabu hakielezi kabisa Dana anasafirije katika wakati. Ajabu ni moja tu. Chakula, kazi, viboko na hofu vyote vimesimama juu ya ukweli, ndiyo maana msomaji anaikubali ajabu hiyo.

Fanya hivyo. Andika kwa sentensi moja jambo lisilowezekana katika hadithi yako. Kisha orodhesha kila kitu kinachowezekana: watu wanakula nini, nani ana ufunguo wa ghala, safari kwa miguu inachukua muda gani. Nenda mahali penyewe ukiweza, na uwahoji wazee wanaopajua. Hadithi ikihusu kesho, fuatilia habari za leo. *Parable of the Sower* (1993) inaanzia mwaka 2024, katika California yenye ukame na mitaa iliyozungushiwa kuta. Butler aliyapata hayo kwa kuangalia matatizo ya siku zake na kujiuliza yatafika wapi yasiposhughulikiwa. Mwaka 2020, miaka 14 baada ya kifo chake, kitabu hicho kiliingia katika orodha ya *New York Times* ya vitabu vinavyouzwa zaidi.

Usijaribu zote tano kwa pamoja. Wiki hii shika saa tu. Wiki ijayo ongeza kiwango cha kurasa. Zikifika kurasa ishirini, tafuta wasomaji wako watatu.