Mteja Anayerudi: Somo kwa Wachuuzi Wadogo wa Mapendo



Mara hii tungependa kuzungumza juu ya swali ambalo tunaulizwa karibu kila tunapopita katika kartiye ya Mapendo: «Nifanye je ili wateja wanione?» Wanaouliza ni wenyeji, na pia ni familia zilizokimbia vita huko Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ambazo zinaishi kwa ndugu au katika chumba kimoja cha kupanga. Wote wanauza vitu vile vile: unga, makala, sambaza, nyanya, mandazi, yunite za simu. Wateja nao ni wale wale, na feza yao ni kidogo. Mtaji ukiisha, garanti ya nyumba inaliwa, watoto wanarudishwa kutoka shuleni, na mara nyingi ugomvi unaanza na jirani wa meza. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya amani tunajali pia mambo ya unga na sambaza.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kwa muda mrefu tulikuwa tunafundisha kama vile vitabu vinavyofundisha: mchuuzi awe na kibao chenye jina la biashara, apake rangi nzuri, agawe vikaratasi. Katika kikundi kimoja cha akina mama, kila mmoja alitenga sehemu ya feza ya kuanzia ili kumlipa mchoraji. Mmoja wao alikuwa anauza mandazi. Wateja wake walikuwa wenye pikipiki na watoto wa shule, na walipita asubuhi sana, wakati bado kuna giza. Nani angesoma kibao? Baada ya wiki tatu alihama mwenyewe, hatua chache tu, hadi kwenye kona ambapo pikipiki hupunguza mwendo kwa sababu ya mawe ya volkano. Hapo ndipo karai lake lilianza kuisha mapema. Tulipomuuliza kibao kiko wapi, alisema amekifanya mlango wa banda la kuku. Tulicheka naye, lakini feza iliyopotea ilikuwa yake, si yetu.

Tangu siku hiyo tunafundisha jambo moja tu: fanya kile ambacho umeona kwa macho yako kwamba kinaleta mnunuzi, na uache kingine chote, hata kama kinapendeza.

Je, mtu ataonaje? Si lazima kujua kuandika. Tafuta makopo mawili. Kila mteja mpya akinunua, tupa punje ya mahindi katika kopo la kwanza. Kila mteja aliyekwisha kununua kwako akirudi, tupa punje ya haragi katika kopo la pili. Jioni hesabu. Kama mahindi ni mengi kila siku na maharagi ni machache, watu wanakuona lakini hawakupendi: labda kipimo chako ni kidogo, au bidhaa ya jana unaiita ya leo. Kama maharagi ni mengi na mahindi hakuna, wanaokujua wanakupenda, lakini wengine hawajui kama uko. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa yake si moja. Mtu anayepunguza bei wakati tatizo lake ni kwamba hajulikani, anajipoteza bure.

Na kila mteja mpya umuulize kwa upole: «Mama, nani alikuambia uje kwangu?» Jibu lake ni la thamani kuliko semina yetu. Mara nyingi utasikia: jirani yangu, dada wa kanisani, yule kijana wa chukudu. Ni mara chache mno utasikia: niliona kibao.

Halafu, badilisha jambo moja tu kwa wiki. Ukihama mahali, ukapunguza bei na kuongeza kipimo siku hiyo hiyo, hutajua ni lipi lililoleta watu.

Hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanachanganya wateja wengi na faida nyingi. Tuchukue mfano wa hesabu. Mama ananunua mfuko wa unga wa mahindi kwa franka 51,000. Anapata vipimo 60, na kila kipimo anauza franka 1,000. Anapata 60,000, faida ni 9,000. Mfuko unaisha kwa siku 6. Sasa anaamua kumwongezea kila mteja kijiko kimoja, ile nyongeza ambayo wengine huita matabishi. Watu wanafurahi, wanakuja zaidi, na mfuko unaisha kwa siku 4. Anasema: biashara imekua! Lakini vijiko vile vimekula vipimo 3. Sasa anauza vipimo 57, anapata 57,000, na faida ya mfuko ni 6,000. Kwa siku 12, zamani aliuza mifuko 2 na kupata 18,000. Sasa anauza mifuko 3 na kupata 18,000 ile ile. Amebeba mfuko mmoja zaidi mgongoni bila malipo.

Hatusemi nyongeza ni mbaya. Tunasema itolewe mahali inapofanya kazi. Mpe yule anayenunua vipimo viwili kwa mara moja. Mpe zaidi yule aliyekuletea mtu mwingine, tena mbele ya huyo aliyeletwa, ili naye ajue.

Kuna sababu nyingine ya kuthamini mteja anayekujua kuliko kibao, na watu wa Mapendo wanaielewa bila kuelezwa. Tarehe 17 Januari 2002, mawe ya moto ya Nyiragongo yaliteremka hadi ziwani na kufunika sehemu ya katikati ya mji, pamoja na maduka mengi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye Mapendo ilikuwa kati ya kartiye 10 zilizoamriwa kuhama. Watu waliondoka na watoto, godoro na simu. Meza na rangi zilibaki. Mchuuzi aliyekuwa na namba za wateja wake ndani ya simu aliweza kuwapigia aliporudi: «Mama, niko tena, nimeanza na kopo moja.» Kwa mtu ambaye amekimbia mara mbili au tatu, hilo si jambo dogo. Nenda na kile unachoweza kubeba.

Simu basi ina kazi yake, lakini kwa kipimo. Kutuma picha kila asubuhi kwa watu mia mbili wa kikundi cha WhatsApp kunakula mega, na wengi hawatazami. Afadhali watu kumi na wawili ambao hununua kweli, na ujumbe wenye habari ndani yake. Chukua mfano wa sambaza. Wavuvi wa Ziwa Kivu wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri. Muuzaji anayejua hivyo anawaambia wateja wake mapema: wiki ijayo sambaza mbichi itakuwa kidogo, nikuwekee iliyokauka? Huo ni ujumbe mmoja, na mteja anaona kwamba anafikiriwa. Tena, benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, watu wengi walikuwa na feza ndani ya simu lakini si mkononi. Mchuuzi aliyekubali kulipwa kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money alipata wanunuzi ambao jirani yake aliwarudisha. Lakini alipaswa kuhesabu pia gharama ya kuitoa feza hiyo, maana wengine walisahau na wakala hasara.

Sasa tufike kwenye mambo mawili yanayoleta wateja haraka na kuleta vita vilevile.

La kwanza ni deni. Mtu mgeni sokoni anakopesha ili apendwe. Wiki mbili meza inajaa. Mwisho wa mwezi, wadeni wanapita njia nyingine, na wale ambao wangelipa feza taslimu wanaona haya kwa ajili yao. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wakati kambi za pembeni mwa mji kama Bulengo na Kanyaruchinya zilipobaki tupu kwa siku chache, wachuuzi waliokuwa wamekopesha huko walipoteza deni na wateja kwa pamoja. Hatukatazi kukopesha jirani mwenye mgonjwa. Huo ni utu, na uuite utu. Usiuite njia ya kutafuta wateja. Weka mpaka, kwa mfano si zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja, na deni liandikwe mbele ya mtu wa tatu.

La pili ni gumu zaidi kusema. Kuna anayevuta wateja kwa kuharibu jina la mwenzake: «Musinunue kwa wale, chakula yao iko chafu, wanatoka na kolera kule.» Au anataja kabila. Tusidanganyane: maneno hayo yanafanya kazi. Kwa siku chache kopo la mahindi linajaa. Lakini tumeona yanavyoishia. Yule aliyetukanwa ana ndugu, naye anaanza maneno yake, na baada ya mwezi soko dogo limegawanyika pande mbili, kila mmoja akiuzia watu wa lugha yake tu. Nusu ya wapita njia hawasimami tena kwako. Linganisheni na Petite Barrière, ambapo watu wa Goma na wa Gisenyi wamekuwa wakiuziana mboga, maziwa na vitambaa miaka mingi, hata nyakati ambazo wakubwa hawasalimiani.

Kwa viongozi, wa kartiye, wa avenyu na wa kamati za waliohama makwao, tuna ombi moja. Mnapogawa nafasi za kuuzia, msimpe mgeni kila mara mahali pa nyuma ambapo hakuna anayepita. Tuliyoyaona kwa mama wa mandazi yanatosha: hatua chache zinaweza kuwa tofauti kati ya kula na kutokula. Mnaweza kupanga zamu ya kona, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Mahali tulipoona zamu ikifanyika, malalamiko kwa mkubwa wa avenyu yalipungua.

Kwa kazi ya kikundi: kila mwanamemba wa likelemba atumie makopo mawili kwa siku 14. Katika wiki ya kwanza asibadilishe kitu. Katika wiki ya pili abadilishe jambo moja, alilochagua mwenyewe, na amwambie mwenzake ni lipi. Kisha mkutane na mzungumze: Punje za nani ziliongezeka, za mahindi au za maharagi? Je, faida nayo iliongezeka, au kazi tu? Kuna mteja aliyeacha kuja, na kuna mtu anayejua sababu? Asiye na kopo aombe la maziwa kwa mwenye buutiki, na kila mtu alete makopo yake mkutanoni bila kuyamwaga njiani.