Jicho, Sikio na Mpiga Piano wa Kwenye Video

Zamani mpenzi wa piano aliyeishi mbali na miji yenye kumbi kubwa za muziki alikuwa na njia mbili tu za kumjua mpigaji: santuri na redio. Aliisikia kazi ya mikono asiyoiona. Tangu YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, mambo yamegeuka. Leo mwanafunzi mwenye simu aweza kumtazama Yunchan Lim wa Korea Kusini akipiga konseto ya tatu ya Rachmaninoff katika shindano la Van Cliburn mjini Fort Worth, Marekani, mwaka 2022, alipokuwa na umri wa miaka 18. Dakika chache baadaye humpelekea rafiki yake video hiyo, naye rafiki humpelekea mwingine. Valentina Lisitsa, mzaliwa wa Ukraine, alianza kuziweka video zake mtandaoni mwaka 2007. Mwaka 2012 alipiga piano katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa wamemfahamu kwa njia hiyo.

Hivyo basi sifa ya mpiga piano, na pengine riziki yake, imo mikononi mwa watazamaji wa kawaida. Yafaa kuuliza: mtazamaji huyo anapomchagua mpigaji anayempenda, huchagua kwa sikio au kwa jicho?

NDANI YA PIANO

Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, fundi wa Italia, kwenye mwaka 1700 hivi. Piano ya kisasa ina vibonyezo 88. Kila kibonyezo ni wenzo: kidole kinaposhuka, nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa hurushwa kuelekea kwenye nyuzi za chuma. Jambo la kuzingatia ni kwamba muda mfupi kabla ya kugonga, nyundo huachana na mitambo inayoisukuma, ikaruka peke yake kama jiwe lililokwisha kutoka mkononi. Tangu hapo mpigaji hawezi kuibadili kasi yake. Baada ya mgongo aweza tu kuuacha uzi uendelee kutetema au kuuzima, kwa kibonyezo ama kwa pedali.

Kasi ya nyundo hubadili mambo mawili kwa pamoja. Nyundo iendayo kasi huipa nyuzi nguvu nyingi, na sauti ikawa kubwa. Pia sufu ikigongwa kwa nguvu huwa ngumu zaidi, kwa hiyo huamsha mitetemo ya juu ambayo mgongo wa polepole hauiamshi. Ndiyo sababu sauti kubwa ya piano si sauti ndogo iliyoongezwa tu. Ni kali na ang'avu zaidi.

Kutokana na ukweli huo ulizuka ubishi baina ya wanafizikia na walimu wa piano. Walimu walidai kuwa mguso wa msanii hutoa sauti ya namna ya pekee. Mwaka 1934 watafiti Hart, Fuller na Lusby wa Marekani walitangaza kuwa mgongo wa mashine waweza kutoa sauti ile ile itolewayo na kidole cha msanii, mradi kasi ya nyundo iwe sawa. Ubishi haukuishia hapo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wasikilizaji huweza kutofautisha kibonyezo kilichogongwa na kilichosukumwa taratibu, kwa kuzitambua kelele ndogo za kidole kukipiga kibonyezo na kibonyezo kukifikia kitako chake. Kila upande, basi, ulikuwa na sehemu ya haki, ingawa walimu wachache wangefurahi kuambiwa kwamba siri ya mguso wao ni kelele.

SAUTI IPITAPO KATIKA SIMU

Uzi mzito kuliko yote hutetema mara 27.5 kwa sekunde, na uzi wa juu kabisa mara 4,186 hivi. Kipaza sauti cha simu ni kidogo mno kiasi kwamba hakiwezi kuisukuma hewa ipasavyo kwa mitetemo ya chini. Hata hivyo msikilizaji husikia besi. Sababu ni kwamba uzi hautoi mtetemo mmoja. Uzi wa mitetemo 55 hutoa pia mitetemo inayokaribia 110, 165, 220 na kuendelea. Simu ikishindwa kuutoa ule wa 55, ubongo huutambua kutokana na nafasi zilizo sawa kati ya hiyo iliyobaki, ukaujaza wenyewe pengo lake. Kwa maneno mengine, sehemu ya besi inayosikika kwenye simu hutengenezwa kichwani mwa msikilizaji.

Kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo. Simu nyingi zinaporekodi hujirekebisha zenyewe: huikuza sauti ndogo na kuipunguza iliyo kubwa. Kwa kuwa mpigaji hufanya kazi yake hasa kwa kuchagua kasi ya nyundo, yaani ukubwa wa kila sauti, video iliyochukuliwa na mtu aliyeketi ukumbini huweza kulisawazisha lile lililomgharimu mpigaji miaka ya mazoezi. Kumhukumu msanii kwa video ya namna hiyo ni kumwonea.

JICHO HUTANGULIA

Mwaka 2013 Chia-Jung Tsay, mtafiti wa Chuo Kikuu cha London ambaye yeye mwenyewe ni mpiga piano, alitangaza matokeo yaliyowashtua wengi. Alichukua vipande vifupi vya video za washindani watatu wa mwisho katika mashindano ya kimataifa, akawataka watu wabashiri nani alishinda. Anayekisia tu angepata mara moja katika tatu. Waliosikia sauti bila picha hawakuzidi kiwango hicho. Waliotazama picha bila sauti yoyote walipatia karibu nusu ya mara zote. Wanamuziki wa kazi nao walikuwa hivyo hivyo, na ilhali watu wengi waliohojiwa walisema kuwa sauti ndiyo iliyo muhimu kwao.

Isidhaniwe kwamba jambo limekwisha kuthibitika kabisa. Mwaka 2018 watafiti wengine walilirudia jaribio hilo: masharti yalipokuwa yale yale, matokeo yalirudi, masharti yalipobadilishwa, nguvu ya jicho haikuonekana kwa uthabiti ule.

Wala si jicho pekee liwezalo kulipoteza sikio. Joyce Hatto, mpiga piano wa Uingereza, alisifiwa sana katika miaka yake ya mwisho kwa CD zaidi ya 100 zilizotolewa kwa jina lake na mumewe, huku ikisimuliwa kuwa alizirekodi akiwa mgonjwa. Alifariki mwaka 2006. Mapema mwaka 2007 msikilizaji mmoja aliiweka CD mojawapo katika kompyuta yake, na kompyuta ikaitambua kuwa ni ya László Simon. Wataalamu walipoyalinganisha mawimbi ya sauti, waliona kuwa yalikuwa yale yale. CD nyingine nazo zikagunduliwa kuwa za wapigaji wengine, baadhi zikiwa zimebadilishwa kasi kidogo. Baadaye mumewe alikiri. Wahakiki waliosifu walikuwa na masikio mazuri; walichokosa ni shaka.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu atafute video tatu za wapigaji watatu wanaopiga kipande kimoja, zilizorekodiwa vizuri. Darasa ligawanywe makundi matatu: la kwanza lisikie bila kuona, la pili lione bila kusikia, la tatu lipate vyote. Kila mwanafunzi aandike chaguo lake kabla ya kuzungumza na jirani, kwani maoni ya mwenye sauti kubwa huambukiza. Kisha makundi yahesabiwe. Kwa wanafunzi 30 tofauti ndogo haithibitishi kitu, kwa hiyo jaribio lirudiwe kwa kipande kingine, na mpangilio wa video ubadilishwe, maana anayesikika mwisho mara nyingi hukumbukwa zaidi.

Iwapo mojawapo ni ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyefariki Jerusalem mwaka 2023 akiwa na miaka 99, kundi la pili litapata taabu: rekodi zake nyingi huwekwa mtandaoni na picha ya jalada tu, isiyosogea.